Saa za Jeshi za Zamani: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua na Kuzikusanya

Saa ya kwanza ya kijeshi niliyoinunua ilikuwa na maandishi ya Jeshi la Majini la Marekani usoni, mwaka 1942 chini yake, na bei ndogo kiasi cha kunifanya nidhani nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Niliitundika, nikaifurahia wiki mbili nzima. Wiki ya tatu, nikiwa naitia ufunguo, niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza: pembeni ya tundu la ufunguo hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Saa ya siku nane hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Ikikaa kazini miaka mitatu tu, ufunguo umeshaingia tundu hilo zaidi ya mara 150, aghalabu kwenye mwanga hafifu, ndani ya chombo kinachoyumba, mikononi mwa mtu mwenye haraka zake. Lazima rangi iguswe. Uso wa saa yangu ulikuwa umepakwa na kuandikwa upya. Kasha lilikuwa la kweli na mashine ilikuwa ya kweli, ila huo ujeshi wake wote ulikuwa wa juzijuzi.

Tangu siku hiyo naanza na kazi ya saa, alama baadaye. Kila saa ya jeshi iliagizwa kwa ajili ya kazi fulani, mahali fulani, na kazi hiyo ndiyo iliyoamua ukubwa wake, uso wake, namna ya kuifunga na hata rangi ya akrabu zake. Mtu anaweza kuchonga nembo ya tai kwa dakika kumi. Kubadilisha kila kitu kilichotokana na kazi ya saa ni shughuli nyingine kabisa.

Kabla hatujaingia ndani, tuelewane kwenye majina. Kasha ni mwili wa nje. Uso ni ile sahani yenye namba. Akrabu ndiyo mishale ya saa. Nitatumia neno hilo kwa sababu "mshale" tutauhitaji baadaye kwa jambo jingine. Kamani ni springi kubwa inayobeba nguvu. Mashine ni kila kilichomo ndani kinachozunguka.

Hatua ya kwanza: tambua saa ilifanya kazi gani

Saa za melini ndizo nyingi zaidi sokoni, na ndizo ninazomshauri anayeanza. Ni za duara, zina ukingo mpana wenye matundu ya skrubu kwa ajili ya kufungwa kwenye ukuta wa chuma wa meli, na nyingi hutembea siku nane. Hazina pendulamu. Pendulamu hutegemea kusimama wima na kutulia, na meli haitulii; ndiyo maana saa hizi huongozwa na gurudumu dogo la mizani lenye springi nyembamba kama unywele. Ukionyeshwa saa ya pendulamu ukaambiwa ilitoka kwenye sitaha ya manowari, mazungumzo yameishia hapo.

Kwa upande wa Marekani, majina mawili utakayoyaona sana ni Chelsea, kampuni ya Massachusetts iliyoanza kutumia jina hilo mwaka 1897, na Seth Thomas wa Connecticut, ambaye mizizi yake inarudi hadi 1813. Kabla ya Vita Kuu ya Pili makasha mengi yalikuwa ya shaba ya manjano. Vita vilipopamba moto shaba ikahitajika kwenye maganda ya risasi na mizinga, basi saa nyingi za majini zikavishwa bakelaiti nyeusi, ile plastiki ngumu ya zamani. Wanunuzi wengi bado huzipita hizi nyeusi wakitafuta zinazong'aa. Mimi nazipenda kuliko zote, kwa sababu kasha lenyewe linakuambia liliagizwa wakati gani na kwa nini.

Ndani ya kundi la saa za melini kuna saa za chumba cha redio, na hapa naomba tukae kidogo. Uso wake una vipande vya rangi vyenye upana wa dakika tatu tatu. Vyekundu viko kati ya dakika ya 15 na 18, na kati ya 45 na 48. Hizo zilikuwa dakika za ukimya kwenye masafa ya 500 kHz, yaliyotumika kwa alama za Morse: kila opereta aliacha kurusha mawimbi, akasikiliza kama kuna chombo kilicho taabani. Vya kijani, kama vipo, viko mwanzoni mwa saa hadi dakika ya 3, na kuanzia 30 hadi 33, kwa ajili ya masafa ya sauti ya 2182 kHz. Baadhi ya nyuso zina pia mistari mifupi pembezoni, kila mmoja sekunde nne, ikitenganishwa na nafasi ya sekunde moja. Hiyo ilimsaidia opereta kupiga kwa mkono ishara ya kuamsha mitambo ya tahadhari kwenye meli nyingine.

Ukishajua hayo, unaweza kuukagua uso wa saa ya redio bila kumuuliza mtu. Vipande vikikaa mahali pengine, au vikiwa vya dakika tano tano, aliyechora hakujua vilikuwa vya kazi gani. Saa ya aina hii isiyo na akrabu ya sekunde nayo itie shaka, kwani bila sekunde ishara ile haipigiki. Fahamu pia kwamba meli za biashara zilibeba saa za redio zilezile, kwa hiyo vipande vya rangi peke yake havithibitishi jeshi.

Kronomita ya bahari ni ukoo mwingine. Hii hukaa ndani ya sanduku la mbao, ikining'inia kwenye pete mbili za shaba ili ibaki mlalo hata meli ikilala upande. Ilitumika kutafuta longitudo: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kosa la sekunde nne kwenye ikweta ni maili moja ya baharini. Hamilton 21 ya Marekani, iliyoanza kufika jeshini mwaka 1942, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Hamilton walisimamisha saa za kiraia wakati wa vita na kutengeneza kronomita kwa wingi ambao kabla ya hapo hakuna aliyeudhania kwa chombo cha usahihi namna hiyo. Uso wa kronomita una kipimo kidogo kinachoonyesha saa ngapi zimepita tangu itiwe ufunguo; kwenye Hamilton 21 kinafika 56.

Saa za ndege ni ndogo, nyingi hujaa kiganjani, na zina matundu ya kufungwa kwenye ubao wa vyombo mbele ya rubani. Junghans J30BZ ya Ujerumani ina pete ya nje inayozunguka yenye alama ya kukumbushia muda, pamoja na kipima muda. AChS-1 ya Kisovieti inabeba saa tatu kwenye uso mmoja: wakati wa kawaida, muda wa safari kwenye duara dogo la juu, na kipima sekunde kwenye duara la chini. Nyuma yake kuna soketi ya umeme. Wengi huidhani saa ya umeme, kumbe mashine ni ya kamani na umeme ni wa kuipasha joto isigande angani. Kwa Marekani tafuta kampuni za Waltham na Elgin, hasa aina ya A-13 na ndugu zake wa baadaye.

Halafu kuna saa za vyumba vya operesheni, na moja hasa ambayo kila mkusanyaji huiota: saa ya sekta (yaani eneo la ulinzi wa anga) ya Jeshi la Anga la Uingereza. Ni ya ukutani, na uso wake umegawanywa kwa pembetatu za dakika tano tano zenye rangi nyekundu, njano na buluu zikifuatana. Taarifa ya ndege za adui ilipoingia, waliokuwa wakipanga ramani mezani walitazama akrabu ya dakika imeangukia rangi gani, wakaweka mshale wa rangi hiyo. Rangi hurudi kila baada ya dakika 15. Kamanda aliyesimama juu akitazama meza alijua kwa mtupo mmoja wa jicho ni taarifa ipi mpya na ipi imechacha. Hivyo ndivyo mapigano ya angani ya mwaka 1940 yalivyoongozwa, na moja ya vyumba hivyo, kile cha Uxbridge, magharibi mwa London, kimehifadhiwa chini ya ardhi hadi leo. Nyingi ya saa hizo zilitengenezwa na kampuni ya F. W. Elliott, na mwaka huonekana kwenye mashine.

Ndiyo saa inayoghushiwa kuliko zote ninazozijua. Tutarudi kwake.

Kundi la mwisho ni saa za nchi kavu: za magari, za ofisi, za vituo vya mawasiliano kama ile ya Chelsea iliyoandikwa "Message Center" kwa ajili ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Hizi huhitaji maelezo machache, maana nyingi ni saa za kawaida zilizotiwa alama. Kitu kimoja tu cha kuonya: fyuzi za makombora, yaani vifaa vya kuyalipua, zenye mashine ya saa ndani yake hujitokeza kwenye masanduku ya vitu vya kale. Ukikuta kitu chenye umbo la koni, chuma kizito, namba zimezunguka pembezoni na hakina akrabu, usikigeuze wala kukifungua. Hicho ni cha wataalamu wa mabomu.

Hatua ya pili: soma alama, kisha zipambanishe

Alama moja haithibitishi kitu. Mbili zinazokubaliana zina uzito, na mbili zinazogombana zinatosha kukurudisha nyumbani na pesa zako.

Uingereza ilitia mali ya serikali alama ya mshale mpana, mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kunguru. Kanada iliuweka mshale huo ndani ya herufi C. Australia kati ya D mbili. Ukiona mishale miwili imegusanishwa ncha kwa ncha, saa iliuzwa nje ya jeshi kihalali, na hilo ni jambo zuri, siyo kasoro.

Kwenye nyuso za Jeshi la Anga la Uingereza tazama taji kwa lenzi. Taji la enzi za wafalme, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, lina matao yaliyopanda kama kuba. Taji la enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili lina matao yaliyobonyea katikati. Uso ulioandikwa 1940 ukiwa na taji lililobonyea ni wa bandia, hata kasha likiwa na vumbi la nusu karne. Jeshi lenyewe lilianzishwa tarehe 1 Aprili 1918, kwa hiyo mwaka wowote wa nyuma ya hapo ni kosa.

Kwa Marekani, jina la tawi la jeshi linakupa mipaka. Jeshi la Anga kama tunavyolijua, yaani U.S. Air Force, lilizaliwa Septemba 1947. Kabla yake, tangu Juni 1941, lilikuwa Army Air Forces chini ya nchi kavu. Saa ya "U.S. Air Force 1943" haiwezekani. Ujerumani vilevile: Kriegsmarine ni jina la 1935 hadi 1945, Bundeswehr ilianza 1955, na neno "West Germany" haliwezi kuwa kwenye kitu cha wakati wa vita. Kwa Japani, nanga ni ya majini na nyota ni ya nchi kavu.

Saa za baada ya vita zina hazina nyingine: namba ya ghala. Namba ya NATO ina tarakimu 13. Nne za mwanzo ni aina ya kitu, na vyombo vya kupimia wakati ni 6645. Mbili zinazofuata ni nchi: 00 au 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Kabla ya hapo Wamarekani walitumia namba ya tarakimu 11, isiyo na zile mbili za nchi, hadi miaka ya 1970. Kwa kuhesabu tarakimu tu unaweza kujua saa iko upande gani wa mpaka huo. Kwa vitu vya zamani zaidi vya anga la Uingereza, tafuta namba ya ghala inayoanza na 6A au 6B.

Namba ya mfululizo ni jambo tofauti. Hii ni ya mtengenezaji. Chelsea wametunza madaftari yao, na kwa namba iliyogongwa kwenye mashine wanaweza kukuambia saa iliuzwa lini na kwa nani. Nimewahi kununua saa ya shaba isiyo na alama yoyote ya jeshi, kwa bei ya saa ya kiraia, na rekodi ikaonyesha mnunuzi wa kwanza alikuwa serikali. Nimewahi pia kuona kinyume chake, na ndiyo sababu ya kuomba namba kabla ya kulipa.

Hatua ya tatu: kabla hujashika bisibisi, jua rangi ing'aayo ni ya nini

Hapa nakuomba usiruke mstari. Saa nyingi za ndege na za vita kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, madini yanayotoa mionzi, kwenye namba na akrabu ili zisomeke gizani. Radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Rangi iliyochanganywa nayo huchoka ndani ya miongo michache, hivyo saa ikiacha kung'aa haimaanishi sumu imeisha. Mionzi ipo karibu yote, taa tu ndiyo imezimika. Wasichana waliokuwa wakipaka nyuso hizo viwandani Marekani, New Jersey miongoni mwa sehemu hizo, walinyoosha brashi kwa midomo yao, na miaka ya 1920 wengi wakaoza mifupa ya taya na kufa. Hatari kubwa iko kwenye kuingiza vumbi lake mwilini.

Utaitambua vipi? Rangi huwa nene, imevimba kidogo, imegeuka manjano iliyochafuka au kahawia, na mara nyingi ina nyufa. Kipimo cha mionzi ndicho jibu la uhakika na hakigharimu sana siku hizi. Kuna alama nyingine ambayo naipenda kwa sababu haighushiki kirahisi. Saa ya radiamu ikisimama na kukaa miaka mingi stoo, akrabu huunguza uso chini yake. Ukizisogeza unaona kivuli cha kahawia chenye umbo lake kamili, kama kivuli cha mtu aliyeondoka. Kivuli kikilingana na akrabu zilizopo, umepata uthibitisho kwamba akrabu na uso vimekaa pamoja miongo kadhaa.

Tritiamu, nayo yenye mionzi, iliifuata radiamu. Nusu yake huisha kwa miaka 12 na kidogo, na nyingi za zamani zimekwisha nguvu. Nyuso zake huwa na herufi T, wakati mwingine ndani ya duara, au 3H.

Saa ya radiamu usiifungue mwenyewe. Mpelekee fundi saa anayejua, umwambie mapema. Kioo kikiwa kizima kiache mahali pake. Ikibidi kuigusa ikiwa wazi, vaa glovu na barakoa, weka karatasi yenye unyevu chini, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa hewa ya mashine, usile wala kuvuta chochote mezani hapo. Usizirundike nyingi kwenye kabati la kioo lililofungwa, kwani radiamu hutoa gesi ya radoni ambayo hujikusanya. Ziweke chumba chenye hewa, mbali na unapolala na mbali na watoto. Chunguza pia sheria za usafirishaji, maana posta nyingi huvikataa vitu vyenye mionzi.

Hatua ya nne: kagua mwili na mashine

Ichukue saa kwenye mwanga wa dirisha, uinamishe uso mpaka mwanga uupitie kwa ubavu. Maandishi ya asili yamekaa kwenye rangi kwa kingo safi. Yaliyochapwa kwa printa ya kisasa yanaonyesha vijitone chini ya lenzi. Tafuta kovu la ufunguo nililolisimulia mwanzoni. Tazama rangi chini ya ukingo wa kioo, sehemu ambayo jua halikuifikia: lazima iwe tofauti kidogo na katikati. Uso wenye rangi sawasawa kila mahali umepakwa karibuni au haujawahi kuona jua.

Mulika taa ya urujuanimno (UV) kwa sekunde kadhaa, kisha uizime. Rangi ya zamani ya radiamu hung'aa kidogo ikimulikwa na kuzimika karibu papo hapo. Ikiendelea kuwaka kijani kwa dakika nzima, ni rangi ya kisasa, ya aina iliyoingia sokoni miaka ya 1990. Inaweza kuwa akrabu zimepakwa upya tu huku mengine ni ya asili, lakini muuzaji alipaswa kukuambia.

Skrubu husema ukweli kuliko watu. Mifereji yake ikiwa imechanika na kung'aa, mtu amefungua hivi karibuni kwa bisibisi isiyolingana. Skrubu moja yenye rangi tofauti na wenzake haina ubaya, saa zilitengenezwa kazini. Zote zikiwa mpya, jiulize kilichofichwa. Geuza saa uone mgongo. Saa iliyofungwa ukutani miaka mingi ina alama za kufungwa: duara la rangi iliyobanwa kwenye kila tundu, pengine mabaki ya rangi ya kijivu ya meli. Matundu masafi yasiyo na hata alama ya kichwa cha skrubu yananitia wasiwasi.

Kasha la shaba lijaribu kwa sumaku. Shaba ya manjano haivutwi. Bakelaiti isugue kwa kidole gumba, nje tu, hadi ipate joto, kisha unuse: ina harufu kali ya dawa ambayo plastiki ya kawaida haina.

Kisha mashine, iwapo hakuna radiamu. Tafuta jina, namba na mwaka, na uulize kama vinapatana na uso. Hapa ndipo saa nyingi za sekta ya Uingereza huanguka. Zile za asili zina mashine nzito ambayo kamani yake huvuta kwa mnyororo mwembamba uliozungushiwa koni, ili nguvu ibaki sawa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Waghushi huchukua saa ya ofisi au ya shule ya miaka hiyohiyo, yenye mashine ya kweli ya namna hiyo, wakabadilisha uso pekee. Kwa hiyo mashine nzuri haitoshi. Angalia matundu madogo ya kushikia uso: kukiwa na tundu la pili tupu pembeni ya linalotumika, mashine hiyo imewahi kubeba uso mwingine. Rangi za pembetatu nazo zitazame. Za asili zimefifia bila usawa, nyekundu kwa namna yake, buluu kwa namna yake.

Saa za Kisovieti zina udanganyifu wa aina yake. Baada ya 1991 nyuso nyingi zilichapishwa upya kwa ajili ya watalii: nyambizi, nyota kubwa, nembo za idara ya ujasusi. Saa halisi ya nyambizi iliyotengenezwa na Vostok wa Chistopol ina uso mkavu, mara nyingi wa saa 24, pengine na vipande vya ukimya wa redio, bila picha yoyote. Jeshi halikuhitaji kujikumbusha kwa mchoro kwamba liko kwenye nyambizi.

Saa za Ujerumani ya Wanazi zinahitaji tahadhari mbili. Tai yenye swastika huchongwa leo kwenye saa za kiraia za Junghans kwa sababu huongeza bei mara kadhaa, kwa hiyo kagua kama mchongo umekata juu ya uchakavu au uko chini yake. Mkwaruzo wa zamani hupita juu ya mchongo wa zamani. Mchongo mpya hukata mkwaruzo. La pili, kuonyesha nembo hiyo hadharani ni kosa la jinai Ujerumani, na masoko mengi ya mtandaoni hayaikubali.

Hatua ya tano: kununua

Omba picha sita: uso wote, uso kwa karibu kwenye tundu la ufunguo, mgongo, mashine, namba, na saa ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga. Muuzaji mkweli huchoka lakini hutuma. Hadithi ya babu aliyekuwa rubani ipokee kwa heshima, ila usiilipie senti kama haina karatasi.

Kinachobeba thamani ni uasilia: uso wa kwanza, akrabu za kwanza, kasha lisilosuguliwa. Ufunguo na sanduku la asili huongeza sana. Saa isiyotembea lakini kamili ni bora kuliko inayotembea yenye uso mpya, kwa kuwa fundi anaweza kuiamsha mashine na hakuna anayeweza kurudisha uso uliofutwa. Sanduku la kronomita la karne ya 19 likiwa na vibao vyeupe vya jina, chunguza kama ni pembe za ndovu. Biashara yake imebanwa na sheria za kimataifa na unaweza kunyang'anywa mpakani. Na kronomita isisafirishwe kabla mtu anayejua hajazuia gurudumu la mizani kwa vipande vidogo vya kizibo cha chupa ya mvinyo na kufunga pete zake. Safari moja mbaya huvunja kile ambacho vita havikukivunja.

Anza na saa moja ya meli ya bakelaiti, ya kweli, iliyochakaa kwa haki. Ikae nawe mwaka mzima kabla hujatafuta ya pili. Utajifunza kwake kuliko kwa saa kumi ulizozipitia haraka.

Hatua ya sita: kutunza

Usiing'arishe. Shaba ya jeshini mara nyingi ilipakwa rangi, na mabaki ya rangi hiyo ni sehemu ya ushahidi. Kitambaa kikavu laini kinatosha. Usipulizie mafuta ya kopo ndani ya mashine. Hulegeza uchafu kwa siku mbili na kuubandika kwa miaka. Fundi aifungue yote, aioshe na kuitia mafuta ya saa, tone kwa tone, kila baada ya miaka michache.

Andika daftari: namba, vipimo, ulinunua lini, kipi kilibadilishwa na nani. Sehemu iliyotolewa ihifadhi kwenye bahasha yenye jina la saa, hata ikiwa imevunjika.

Tia ufunguo siku ileile kila wiki, pole pole, ukisimama unapohisi kamani imekaza. Akrabu usizirudishe nyuma, hasa kwenye saa inayopiga kengele na kwenye kronomita. Saa ikikimbia au kuchelewa, nyingi za melini zina kijitundu usoni chenye herufi S na F, ya kuchelewesha na ya kuharakisha. Sogeza kiasi cha unywele, andika daftarini tarehe na ulichofanya, kisha ngoja siku saba kabla ya kugusa tena.